Mama, Wameniruhusu Kuyafuata Mawimbi

Moshi, 1978

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sithubutu kuanza bila hiyo.

Nina habari njema. Nimepata nafasi ya kwenda ng'ambo kusomea yale mawimbi. Unakumbuka? Ulikuwa unakoroga mtori, nikakueleza kwamba nyota mbili nzito zikigongana zinautikisa uwazi wenyewe wa ulimwengu, na mtikisiko huo unasafiri hadi kwetu bila kelele yoyote. Ukacheka hadi mwiko ukakutoka mkononi. "Basi zina adabu kuliko shemeji zangu!"

Shemeji yako mmoja ndiye aliyenikatalia. Tangu Baba alipotutoka, Baba Mdogo Elifasi ndiye msemaji wa nyumba yetu. Jumapili baada ya misa aliita kikao hapa kihambani, kwenye migomba yetu, karibu na kaburi ulimolala. Akaunguruma, "Taifa linataka walimu, wewe mwalimu unataka kufukuza mawimbi! Kama ni mawimbi, si uende Tanga?"

Watu wote wakacheka. Mimi nilikaribia kulia, Mama. Nilitamani ungekuwepo uniambie, "Sema, mwanangu, una mdomo."

Nikasema. Nilifungua mpira wa baiskeli uliofunga tita la kuni, nikachora mawimbi kwa chaki, nikampa Baba Mdogo ncha moja na kaka Aminieli ncha nyingine. "Vuteni." Wakavuta. Vilele vikaachana, mawimbi yakawa marefu.

"Ulimwengu unatanuka hivyo," nikawaambia, "na wimbi likiwa bado njiani. Huko lilikotoka lilipiga harakaharaka. Likifika huku linapiga polepole, tena limekuwa hafifu mno."

Baba Mdogo akautazama mpira. "Yaani limechoka?"

"Halichoki, Baba Mdogo. Njia ndiyo inayorefuka huku linatembea."

Akaachia kidogo, akavuta tena, macho kwenye chaki. Kisha akauliza, taratibu sasa, "Na ameshalikamata nani?"

"Bado. Hakuna."

"Hakuna hata mmoja? Hata hao wazungu?"

"Hata hao."

Mama, ungeuona uso wake! Alisimama kama anayetoa mahari. "Basi aende! Kwa nini wengine watutangulie?"

Tangu siku hiyo ni mwalimu kunishinda. Kwenye pombe ya mbege anawavutisha majirani mpira na kuwaambia Mungu ameshika ncha mbili za ulimwengu. Nimemsahihisha mara kadhaa, nimechoka. Mimi, si wimbi.

Kahawa ikishavunwa nitaondoka. Aminieli atakupalilia kaburi. Jana nilikaa hapa kwako, nikalia kidogo, halafu nikasikia njaa, nikajua ungekuwa umeshanikaripia niende kula.

Lala salama, Mama. Nakuahidi nitarudi Moshi kuwafundisha wasichana, hata kama sitalikamata wimbi hata moja. Baba Mdogo anataka niahidi pia kwamba sitaolewa na mzungu. Hilo nimemwambia tutaona.

Binti yako,
Ndeshi