Waliobaki Majini

Erdington, Birmingham

Mdogo wangu Tausi,

Nakusalimu wewe na wote mnaokaa na Mama. Magoti yake yanaendeleaje na mvua hizi? Mimi ni mzima, kikohozi kimekwisha.

Uliniuliza kwenye simu umjibu nini Mama anapotaka kujua Baba amechelewa wapi. Shangazi humwambia yuko njiani. Wewe ulimwambia ukweli, kwamba tulimzika, akalia kama ndiyo kwanza anasikia. Ukataka kaka yako mwandishi wa habari aamue. Nimechelewa kujibu kwa sababu huku kazini nina swali kama hilo.

Katika nyumba hii ya wazee namhudumia mzee aliyevuka miaka mia. Alizaliwa Stechford, hapa hapa Birmingham, mbali na bahari, baba yake mfanyakazi wa reli. Alijiunga na jeshi la majini akiwa kijana, na Vita Vikuu vya Pili vilipopamba moto akapewa nyambizi aiongoze kabla hajafikisha miaka ishirini na mitano. Alizamisha meli ya adui iliyojaa askari, mfalme akamvisha nishani. Vita vilipokwisha akarudi kusimamia ghala la skrubu Digbeth hadi alipostaafu. Nishani iko ndani ya kopo la biskuti, juu ya kabati. Haya nimeyapata kwa binti yake.

Siku hizi kumbukumbu iliyobaki ni moja. Meli ilipozama, alichungulia kwa darubini ya nyambizi akaona watu wanaogelea. Meli nyingine ya adui ilikuwa inakuja kumwinda. Akaamuru wapige mbizi. Hakujua kama ile meli ilisimama kuwaokoa, na hajui mpaka leo. Mimi huniita Namba Moja, jina wanalomwita naibu wa kamanda, na kila baada ya chai hunielekeza dirishani.

"Namba Moja, wale watu majini?"

Binti yake ameniomba niseme wameokolewa. Mama Furaha, Mkongo ninayefanya naye zamu, hunicheka.

"Papa Gazeti, umuambie tu bote baliokoka! Nani atakuya kukuuliza?"

"Sijui kama waliokoka."

"Na mimi sijui. Lakini uji yake inapoa."

Juma lililopita nilifanya nilichozoea, kuripoti nilichokiona. Nikatazama nje: magari yameegeshwa, ua wa mbao, nyasi zimelowa. Nikasema, "Sioni mtu majini, bwana."

Niliona nimepata njia. Sikudanganya, na nilidhani sitamuumiza. Lakini mtu wa bahari anajua bahari tupu ina maana gani.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, bwana."

Akavua kandambili zake, akatuashiria mimi na Mama Furaha nasi tuvue viatu. Ndivyo walivyofanya kwenye nyambizi wakiwindwa, adui asisikie hatua. Mama Furaha alipogonga kijiko kwenye bakuli, mzee aliweka kidole mdomoni. Hakula siku hiyo. Nilikaa na soksi kando yake, machozi yanamtoka bila sauti.

Kesho yake alikuwa amesahau. Akauliza upya. Binti yake alikuwepo, amenikazia macho. Mama Furaha kasimama na bakuli. Nimewahoji mawaziri na wauaji, Tausi, sikuwahi kukosa sentensi inayofuata. Pale nilienda tu dirishani, nikatazama nje.

"Bado naangalia, bwana," nikasema.

"Endelea kuangalia, Namba Moja."

Akala kidogo. Tangu hapo, kila baada ya chai nasimama dirishani mpaka asinzie. Sijamponya chochote. Akiamka, wale watu wako majini vilevile.

Kwa hiyo jibu kamili sina. Usimzike Baba tena mbele ya Mama, wala usimwahidi kuwa anakuja. Akiuliza, toka mlangoni uitazame barabara, ukae hapo kidogo. Ingekuwa zamu yangu kufanya hivyo, lakini niko huku.

Nisalimie shangazi, na usigombane naye. Naye anahangaika kama sisi. Msalimie shemeji fundi cherehani, na mjomba wetu wa Kilosa akifika.

Mama akianza kuuliza na mimi niko wapi, hilo lina jibu. Mwambie niko Birmingham, kazini. Akiuliza narudi lini, nenda mlangoni.

Ni mimi kaka yako,
Hamisi