Rejista Inasema Ulianguka na Baiskeli

Baba wangu mpendwa,

Wewe ndiye uliyenizoesha kuuliza "kwa nini" mpaka Mama ananifukuza jikoni, na leo nimepata kazi inayoutaka udadisi huo. Niko hospitali hapa Baraka, kwenye chumba cha karatasi. Kila fishi, karatasi ya mgonjwa, inapofika mezani naipa alama zake, herufi na tarakimu, za kusema anaumwa nini na ugonjwa umetokana na nini. Sasa tunashughulikia rejista za wakati wa vita, zilizoletwa ndani ya magunia kutoka vituo vidogo vya afya. Juma lililopita nilifungua moja iliyoliwa na mchwa pembeni, nikakutana na jina lako.

"Mwalimu. Paja la kushoto, uvimbe mgumu kama mfupa. Sababu: kuanguka na baiskeli."

Uvimbe ule mikono yangu inaujua. Kila asubuhi kabla hujaenda kufundisha, Mama alichemsha maji, mimi nikakukanda kwa kitambaa cha moto, kisha kwa mafuta ya mawese. "Kanda na nguvu, mama, ivunjike," uliniambia, huku umeuma pindo la kitenge. Nani kwetu alijua dawa nyingine ya uvimbe? Tulikanda, nao ukazidi kuwa mgumu, mpaka goti likakataa kukunjika na wewe ukawa unaomba umesimama wenzako wakipiga magoti.

Nilimuuliza daktari wetu, maana nisingelala bila kujua. "Ile hapana kukanda," alisema. "Musuli ikipigwa, damu inabakia ndani. Ukiikanda kila siku, inaota mufupa." Nikamuuliza chokaa inatoka wapi, mfupa unajuaje pa kuota, kama picha ya eksirei ingeuonyesha. Alichoka nami, akanichorea paja nyuma ya bahasha. Ungeipenda picha ile, Baba, ungeipeleka darasani. Mimi niliitazama muda mrefu, nikaona uchungu, kwa sababu sehemu ya mfupa ule tuliitengeneza sisi wenyewe, mimi na Mama na sufuria ya maji.

Kwenye kitabu chetu, msuli uliogeuka chokaa ni M61. Baada ya nukta inafuata tarakimu ya chanzo: pigo, kupooza, au kuungua moto. Halafu inatafutwa alama ya pili, ya tukio lenyewe. Ajali za barabarani ziko kwenye V, kuanguka kuko kwenye W, na vita imewekwa huko mwisho, kwenye Y. Baiskeli ni V, kazi imekwisha. Lakini niliiweka kalamu chini. Baiskeli yako ilichukuliwa na wenye bunduki kwenye barabara ya Lulimba miezi mingi kabla ya paja lako kuvimba. Ulianguka na baiskeli gani?

Nikaanza kufunua kurasa za nyuma na za mbele. Baba, mwezi ule watu wote walikuwa wanaanguka! Mvuvi ameanguka kutoka mchikichi. Bibi kizee asiyetoka nyumbani ameanguka kutoka mtumbwi. Wanaume watatu wa nyumba moja wameanguka siku moja, na wote wameumia mgongoni.

Sheria ya kazi yangu ni kwamba siandiki ninachodhani. Karatasi ikiwa na shaka, narudi kwa aliyeiandika. Muuguzi Amisi, yule aliyeongoza kituo cha afya cha kwetu, bado yu hai, amezeeka, anakaa Kazimia kwa binti yake. Nilipewa ruhusa, nikapanda boti na nakala ya ukurasa wako. Alivaa miwani, akausoma mara mbili.

"Mwaka ule batu bote balikuwa banaanguka tu," alisema. "Bale ba bunduki balikuwa banakuja kusoma rejista. Bakikuta muntu amepigwa, bananiuliza: nani alisema ni sisi? Baba yako alikataa kubeba mizigo yao, balimupiga na kitako ya bunduki. Ye mwenyewe aliniambia: andika nilianguka na velo, muganga, usikufe sababu yangu."

Akaomba kalamu. Chini ya maneno yake ya zamani akaandika yale ya kweli, akaweka tarehe ya siku ile na sahihi yake. Niliporudi Baraka nilikutoa kwenye V, nikakuandika kwenye Y.

Sasa nakuja kwenye neno lililonifanya nikuandikie. Kanisani walikuondoa kwenye kugawa Meza ya Bwana, kwa sababu ilisemekana mwalimu aliumia akiwa amelewa. Wewe hukuuliza maneno yale yametoka kwa nani. Yalitoka kwangu. Nilikuwa mwaka wa tano primeri, najiona mwerevu. Nilijua baiskeli hatuna, kwa hiyo nilijua umedanganya, na sababu moja tu ilinijia ya mtu mzima kurudi anachechemea na kudanganya. Nikamwambia rafiki yangu tukiosha vyombo ziwani. Jumapili ilipofika, kila mtu alikuwa nayo.

Nadhani ulijua. Asubuhi moja nikikukanda uliniuliza, "Na we unaamini?" Niliendelea kukanda kwa hasira, nawe ukaniacha. Kwa miaka nilidhani ulinyamaza kwa aibu. Sasa naelewa: ungeniambia ukweli, ningeufikisha ziwani kabla ya saa sita, na usiku wenye bunduki wangekuja kwetu na kwa Amisi. Ulichagua kuitwa mlevi, na mimi nikiwa wa kwanza kukuita hivyo.

Nimemwomba mchungaji, amekubali. Jumapili nitasimama mbele ya wote niseme ulipigwa na nani, na jina lako lilichafuliwa na nani. Naogopa, Baba. Nitasema hivyo hivyo. Nisamehe.

Mimi binti yako wa pili,
niliyekukanda.