Nilificha Barua ya Chuo cha Macho

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na nianze na lile nililolificha nisije nikalegea katikati: kwa miaka saba nimeweka chini ya nguo zangu sandukuni barua iliyoandikwa kwa jina langu lakini iliyokuwa haki ya mjukuu wangu, na kwa sababu hiyo yeye anaishi akijiona mjinga, naye si mjinga.

Mimi ni mtu wa Bagamoyo, umri wangu umepita miaka sitini na sita, nilikuwa mwalimu mkuu hadi nilipostaafu, sasa miguu imevimba na pumzi hainitoshi kutoka kitandani hadi mlangoni, na daktari hakunizungusha, alisema niwaage watu wangu. Anayeniuguza ni huyo mjukuu, Sihaba, mtoto wa marehemu binti yangu, ambaye mimi na marehemu mke wangu Mardhiya tulimlea tangu hajaota meno. Ananiogesha, ananikata kucha, ananilisha uji, na kila anaponiinamia aibu hunichoma kuliko ugonjwa.

Nilimfundisha mwenyewe. Hesabu alikuwa hana mpinzani, na tangu darasa la tano nilimkalisha benchi la mbele kabisa, kwa sababu nilitambua kwamba ubao haoni akiwa mbali, hukunja macho na kunyoosha shingo, ingawa kitabu husoma bila taabu. Nilimwambia mke wangu tumpeleke mtoto akapimwe, avae miwani. Akanijibu, "Mwalimu, mvishe mtoto wa kike vioo usoni, halafu mume umtafute wewe. Watu watasema nyumba hii inazaa vipofu." Nikacheka, nikaliacha hapo, na wala Sihaba hatukumwambia kitu, akakua akidhani ulimwengu wa mbali ni ukungu kwa kila mtu.

Baada ya darasa la nane alipata kazi ya kuandikisha wagonjwa zahanati. Siku moja akaja mpima macho na sanduku lake la vioo, Sihaba akawa anamsaidia kupanga watu, akamwona bibi mmoja aliyevishwa miwani anatunga uzi kwenye sindano mara ya kwanza baada ya miaka kumi, na bibi yule akaanza kulia. Jioni ile mjukuu wangu hakula. Alisema, "Babu, nataka kazi ile." Hata alikuwa amejaribu miwani ya yule bibi, nayo ikamzidishia ukungu, akaniambia kwa furaha kwamba basi macho yake ni mazima. Mimi nilijua kwamba miwani ya wazee wasioona karibu haiwezi kumfaa mtu asiyeona mbali. Nilikunywa kahawa yangu.

Mwaka 1968 chuo kimoja cha kupima macho na kutengeneza miwani kikatangaza nafasi, na mtihani wa kuingia ukafanyika Dar es Salaam. Karatasi zilizochapwa hazikutosha, maswali ya hesabu yakaandikwa ubaoni, na watahiniwa wakapangwa kwa herufi za majina, Sihaba akaangukia safu ya nyuma. Aliporudi alinionyesha karatasi yake ya kukokotolea, nikailinganisha na ya mwenzake aliyeketi mbele. Saba aliiona moja, nane aliiona tatu. Alichokokotoa alikikokotoa sawasawa, ila hayakuwa maswali aliyoulizwa. Alipata ishirini na tisa katika mia, na chuo kilitaka arobaini na tano.

Kisha ikaja barua kwangu, kwa kuwa ndimi niliyekuwa mwalimu wake. Waliandika kwamba ripoti zake za shule ni nzuri mno na alama zake za mtihani ni mbaya mno, na kwamba nafasi moja bado iko wazi, hivyo kama ipo sababu niwaeleze, wamwite kwa mazungumzo. Sababu nilikuwa nayo kinywani. Lakini rafiki yangu Mwinjuma alikwisha kuleta posa kwa ajili ya mwanawe Husseni, na wanawake wa kwao walikuwa wanakuja kumtazama binti mwezi ule ule, na kuandika sababu ni kutangaza kasoro. Nikaificha barua. Sikuwajibu, nao hawakuuliza tena. Sihaba nilimwambia kwamba chuo kimemkataa, na kwamba kila mtu ana kipimo chake cha akili. Akasema, "Haya, babu," akaenda kuosha vyombo.

Ndoa ilidumu miaka mitatu. Kilichoivunja, mshauri, si ukorofi wala utasa. Mama yake Husseni alikuja barazani kwangu akasema, "Mwalimu, mjukuu wako ulimfundisha kusoma tu? Tunakutana sokoni, hatua kumi, ananipita kama nguzo ya simu. Shikamoo hana. Mara ya kwanza nilisema hakuniona. Na mara ya saba?" Jibu lake nilikuwa nalo, nikasema nitamwonya. Nikamwonya. Sihaba akalia, akasema, "Babu, wallahi sikumwona," nami nikamwambia aache visingizio. Mtaa mzima ukamwita mwenye kiburi, talaka ikaja, akarudi kwangu na mkeka wake.

Sasa wiki iliyopita jirani yetu Ausi alileta gazeti, chuo kile kile kinatafuta watu tena, na safari hii hata watu wazima waliowahi kufanya kazi za afya wanapokelewa. Nilikuwa nimelala, nikawasikia uani.

"Sihaba, chuo chako hiki."

"Changu tangu lini? Mimi ni mama ishirini na tisa."

"Ishirini na tisa ya miaka saba imeshachacha."

"Alama zinachacha, Ausi, kichwa hakichachi. Hiki babu mwenyewe alishakipima. Nipe hilo gazeti niwashie moto."

Wakacheka wote wawili. Mwisho wa kupeleka maombi ni tarehe thelathini. Nikisema, huenda akaniacha na siku hizi chache nizimalize mikononi mwa watu baki, na natamani sana kufa akiwa bado ananipenda. Nikinyamaza, barua wataikuta watakapogawa nguo zangu, tarehe imepita, nami sipo wa kuulizwa. Nifanye nini?

Mwalimu Msabaha,
Bagamoyo

BI ZAINA ANAJIBU

Shikamoo, babu. Nimekuamkia kwanza kwa sababu yanayofuata hayana upole huo.

Pole kwa maradhi. Nimesoma barua yako mara tatu, na mara ya pili nililazimika kuiweka kando. Wewe si mtu mwovu. Ulimlea yatima, ukamfundisha, ukamkalisha mbele. Lakini hebu jisikilize: unauliza kama umwambie ukweli mtu anayekuogesha, kana kwamba mapenzi yake ni mali yako ya kurithi mapema. Anayempenda ni babu asiyekuwapo. Mpe nafasi akujue wewe uliyepo, hata akikasirika. Akiondoka siku mbili, mwache aondoke, jirani hawakosekani wa kukupa maji. Uliogopa wakwe wasimwone ana kasoro, wakamwona hana adabu, na katika mji wenu hilo la pili ndilo lisilosameheka. Yeye ndiye aliyelipishwa.

Sasa fanya hivi, na usingoje upate nguvu. Leo hii mwite, mpe barua ya chuo mkononi aisome mwenyewe. Usimsimulie, utaipunguza. Kesho Ausi ampeleke Dar es Salaam akapimwe macho, na asirudi bila cheti cha aliyempima. Fomu aijaze hata kama anakataa, amejifunza kukataa kwako.

Alama ndogo hazimfungii mtu mlango akiweza kuzieleza. Aambatishe ripoti zake zote za shule, cheti cha macho na barua ya zahanati alikofanya kazi. Aombe kurudia mtihani akiwa na miwani, au aketi mbele, na aombe kuitwa kwa mazungumzo, kama walivyokuwa tayari kumwita mwanzo. Asiombe huruma. Aeleze kwamba yeye anajua kutoka ndani kile ambacho wagonjwa wake watashindwa kukisema. Na juu ya vyote hivyo iwepo barua yako, kwa mkono wako, ikisema ulijua nini na tangu lini.

Neno la mwisho. Unasema hukuwajibu, nao hawakuuliza tena. Babu, nimefanya kazi ofisini. Watu walioacha nafasi wazi kwa ajili ya mtu mmoja, wakajisumbua kumwandikia mwalimu wake, hawanyamazi kirahisi hivyo. Kama kuna kitu umekibakiza, kitoe. Barua yenye nusu ya ukweli haitamsaidia Sihaba, kwa sababu huenda chuo wanayo ile nusu nyingine.

*

Majibu hayo nilimtumia mzee kwa posta bila kungoja kuchapwa, kwa sababu ya tarehe. Siku tisa baadaye ilikuja karatasi ifuatayo, mwandiko ukipanda na kushuka. Ameomba ichapwe pamoja na ile ya kwanza, na majina yasifichwe, naye Sihaba ameridhia kwa maandishi yake chini ya karatasi hiyo hiyo.

Mpendwa mwanangu Bi Zaina,

Nilimpa barua. Aliisoma akiwa amesimama, kisha akaisoma akiwa ameketi chini. Hakulia. Aliuliza, "Ile siku ya mama mkwe, babu, ulijua?" Nikasema nilijua. Akatoka, na uji siku ile aliniletea mke wa Ausi.

Siku ya tatu alirudi kunigeuza upande, kwa kuwa mgongo umeanza kuchubuka. Siku ya tano Ausi alimpeleka Dar es Salaam, na jana amerudi na miwani. Alisimama mlangoni pangu, akasema, "Kumbe umekonda namna hii." Hakuwahi kuniona mwili mzima akiwa mbali hivyo.

Fomu ameijaza. Ripoti zipo, cheti kipo, zahanati wameandika. Imebaki barua yangu, na usiku kucha kalamu ilikuwa mkononi. Leo alinishikia ubao wa kuandikia, akauliza, "Walipokuandikia, babu, hukuwajibu kabisa?" Nikamwambia nimechoka, nipumzike kidogo. Akasema sawa, akaenda kufua. Hakuuliza kwa hasira. Alitaka tu kujua aeleze nini katika maombi yake kuhusu barua ile.

Umeniona, mwanangu, ukiwa mbali hivyo. Barua ya kwenda chuoni nimeimaliza sasa hivi, na katika hii yako nimeandika maneno yale yale. Bahasha zote mbili nimeziacha wazi, naye ndiye atakayezipeleka posta, nimemwambia azisome kwanza.

Niliwajibu. Tarehe 14 Mei 1968, kwenye karatasi ya shule yenye muhuri, niliandika: "Hakuna sababu. Mtoto huyu ni mzito wa kuelewa, na alama mlizompa ndizo uwezo wake."