Kiti Chetu Kwenye Baraza la Majina

Karakana ya Mama Pindo,
Ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa kaka yangu,

Hujambo huko kwenye baridi? Wifi na watoto wazima? Goti limepona, au bado unapanda ngazi kama bata? Sisi hatujambo. Baba anakula, analala, anagombana na redio, kwa hiyo ujue ni mzima. Mimi nina furaha mpaka leo nimeshona mifuko miwili upande mmoja.

Kaa chini kwanza. Tumepata kiti!

Unaikumbuka tovuti ya karakana uliyotufungulia mama akiwa hai, tukaipa jina lake la utani, Mama Pindo. Muda wa jina ulipoisha, taarifa ilienda kwenye barua pepe yako ya zamani, hukuiona, mtu akalidaka. Leo ukilifungua unakuta mtu anauza matairi. Tangu hapo simu zangu hupokei, nami nikakununia. Sikatai.

Hasira zangu nikazipeleka kwenye chama cha watumiaji wa intaneti. Kanuni za majina ya tovuti hutungwa na baraza. Wauzaji wa majina wana kura, mafundi wa mitambo wana kura, serikali ina kura. Sisi tunaoyatumia tulikalishwa viti vya ukutani, bila kura wala kipaza sauti. Tulipoomba kura moja tukapewa masharti: wanachama hamsini, na tovuti yenye katiba ya chama. Tovuti ilikuwa mikononi mwa katibu wetu, wanachama niliwakusanya mimi. Mteja akija kupimwa suruali, haondoki bila kutia sahihi!

Alhamisi ikawa siku ya uamuzi. Mwenyekiti wa baraza akafungua anwani yetu kwenye skrini kubwa. Haipo! Muda wa jina letu ulikuwa umeisha juzi yake. Taarifa alitumiwa katibu wetu, ikazama kwenye barua pepe za matangazo. Kaka, nilitamani ardhi ipasuke. Katibu akaficha uso kwa faili.

Miguu ikaninyanyua yenyewe. Nikapaza sauti kutoka ukutani, "Waheshimiwa, mmejionea. Katibu wetu huyu ni mwalimu wa kompyuta. Sembuse mimi fundi cherehani? Mtu apigiwe simu kabla jina lake halijachukuliwa!"

Halafu mzee mmoja wa wauzaji akacheka mpaka akavua miwani. "Hata mimi langu liliwahi kunipotea," akasema. Wakapiga kura: tano kwa mbili, tumepita! Jina letu lilikuwa halijadakwa bado, katibu akalirudisha kabla chai haijapoa. Na mwakilishi wa kwanza ni nani? Dada yako, tepu shingoni! Hoja ya simu ikapita siku hiyohiyo.

Lakini nilipomwona katibu nyuma ya lile faili, nilikuona wewe. Halikuwa kosa lako, kaka. Nisamehe kwa kununa.

Jina la mama halijarudi. Tumesajili lingine, Pindo la Mama, na penye simu ya mwenye jina nimeandika namba yako. Sasa ni kanuni, watakupigia. Wa kwanza kuijaribu ni mimi, Jumapili ijayo saa kumi jioni. Pokea.

Msalimie wifi, wabusu watoto, waambie shangazi yao ni mheshimiwa. Baba anakuombea. Mungu akupe afya, na goti pia.

Ni mimi dada yako nikupendaye sana, na sasa nina kipaza sauti.