Majani katika Karatasi za Baba

Jumatano, 4 Agosti 1976

Kubadili karatasi kabla ya chai. Kila asubuhi hivyo hivyo. Nafungua mikanda, nainua ubao, natoa gazeti lililolowa, naweka kavu, nabana tena kwa goti. Jani lisilobadilishiwa karatasi siku za kwanza huota ukungu. Jani lenye ukungu, asema Profesa, ni takataka yenye jina la Kilatini.

Wiki ya tano sasa. Chuo kimetulipia mimi na Kalala safari ya kutoka Kisangani, mbao, mikanda, na chakula cha likizo nzima. Kazi yetu ni kukusanya mimea wanayoitumia watu wa Kindu, mji wetu, na vijiji vya kandokando, kila mmea na jina lake la hapa, kila jina na kazi yake. Profesa ndiye msimamizi. Alituchagua sisi wawili katika darasa zima, na masharti yake ni machache, hayana huruma. Tukirudi na mkusanyo uliokamilika, ufadhili unaendelea mwaka wa pili na tasnifu yangu ina pa kusimama. Tukirudi mikono mitupu, nitaandika juu ya mimea ya vitabuni kama wengine.

Mama alisimama mlangoni akanitazama nimepiga goti juu ya ubao.

"Zaina, njo masomo hayo? Mbuzi ya jirani inakata majani kila siku, na hakuna muntu anailipia meli."

Kwenye orodha ya chuo mimi ni Mwanyota, tangu tulipoamriwa kuacha majina ya kigeni. Hapa bado ni Zaina. Nafurahi kuliko inavyonipasa.

Jumapili, 8 Agosti

Asubuhi kwenye ukingo wa mto, upande wa stesheni. Harufu ileile ya mawese na makaa. Garimoshi halikuja, lakini watu walikaa wakilingoja kwa utaratibu uleule wa zamani, kila mtu juu ya mzigo wake.

Njia hii nilipita na Baba kwenda shuleni. Alikuwa mwalimu, na mwalimu hakutembea kimya. Aligusa kila kichaka kwa fimbo yake, akataja jina, akanitaka nilirudie. Kilatini hakukijua hata neno. Amefariki mwaka wa tatu huu. Bado nasikia ile fimbo kwenye majani.

Jioni, aibu. Jirani alitoka uani kwetu na karanga zake katika kikaratasi. Nikaona mwandiko. Saba mara nane. Mwandiko wa Baba, na mstari mwekundu alioupenda chini ya jibu.

Sanduku lake la bati, lenye madaftari yote ya kufundishia, limekuwa chini ya kitanda tangu mazishi. Nilidhani linahifadhiwa. Mama anatumia kurasa zake kufungia karanga anazouza sokoni. Limebaki nusu.

Nilimwambia kwamba anamuuza Baba kidogo kidogo.

"Ulitaka nifungie karanga na nini?" akasema. "Na majani yako ya Kilatini?"

Nililibeba sanduku hadi chumbani kwangu, na tumekula bila kusemezana.

Ijumaa, 13 Agosti

Tumekwenda Kailo, kwa lori la mihogo. Mama mmoja mkulima alitutembeza shambani kwake hadi jua likageuka. Kila jani lina kazi. Hili la mgongo, hili la maziwa yasiyotoka, hili la kumtuliza mume mwenye kelele.

Kalala hutafuna kwanza, kisha huuliza. Leo ulimi wake ulikufa ganzi kwa saa nzima. Yule mama alicheka hadi akaketi chini. "Hili njo dawa ya meno, mwanangu. Sasa utakuwa mwanamume wa heshima: hautasema kitu."

Siku njema. Mimea kumi na miwili.

Jumatano, 18 Agosti

Mimea imekuwa mingi kuliko karatasi. Tunayaanika magazeti yaliyolowa juu ya ua na kuyatumia tena, na fungu la jana tunalianika pamoja na gazeti lake, majani juu. Kalala anaona ni ubunifu. Nami pia.

Jumamosi, 21 Agosti

Nimeandika na kufuta mara tatu. Basi niandike kwa utaratibu.

Asubuhi ilikuwa salongo, kazi ya lazima ya kila Jumamosi. Mtaa mzima barabarani na majembe na mifagio. Katibu wa chama wa mtaa alipita kukagua. Ni mtu mfupi, abakosti yake, ile suti isiyo na tai, imepigwa pasi hata siku ya majembe. Akafika kwenye ua wetu. Akasimama.

"Sitwayeni," akaniita, yaani raia, kama tunavyoitana sote siku hizi, "huyu ni nani?"

Nikatazama. Ukurasa wa kwanza wa gazeti. Rais, katika kofia yake ya chui. Jani lilikuwa limelalia paji la uso, na utomvu wake ulikuwa umemshukia shavuni, mweusi, hadi kidevuni.

"Ni Rais, Sitwayeni," nikajibu.

"Na hii juu ya uso wake ni nini?"

Kalala, ambaye mama yake alimfundisha kusema kweli, akajibu: "Dawa ya kuhara, Sitwayeni."

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha kicheko kikazimwa kwa kiganja. Kicheko hicho ndicho kilichotuangamiza. Bila hicho, labda angekaripia na kupita.

Alichukua kila kitu. Majani mabichi na yaliyokauka, mbao, mikanda, gunia la magazeti. Mkokoteni mmoja ulitosha. Wiki saba za kazi katika mkokoteni mmoja.

Jumapili, 22 Agosti

Umebaki ukurasa mmoja tu, uliokuwa umeangukia nyuma ya mtungi. Rais naye yupo humo, anafungua daraja. Nakumbuka sasa: hakuna gazeti lisilo na uso wake. Gunia lile tulilibeba kutoka chuoni wenyewe, tukalipapasa kuona kama ni kavu. Karibu miezi miwili tumezishika kurasa zile kila asubuhi, na tulichokiangalia ni unyevu tu.

Jambo la pili ni baya zaidi. Namba ya kila mmea, pamoja na mahali ulipotoka, tumeiandika kwenye pambizo ya gazeti, na kuinakili upya kila tunapobadili. Jani likitengwa na gazeti lake halina namba. Jani lisilo na namba siwezi kulitafuta katika daftari langu: halina jina wala mtu aliyelitaja. Sitaweza hata kuanza upya. Meli ni tarehe saba.

Naogopa. Kwa ajili ya kazi, na si kwa ajili ya kazi tu. Watu wamepelekwa mbali kwa mambo madogo kuliko haya.

Jumatatu, 23 Agosti

Tulikwenda ofisini kwake baada ya bendera kupandishwa. Mafungu yetu yapo sakafuni, kando ya ukuta. Hakutukaribisha kuketi.

Nilizungumza. Nilieleza chuo, utafiti, faida kwa taifa, hekima ya mababu ambayo uongozi wenyewe umetuhimiza tuirudie. Sentensi zangu zilikuwa nzuri. Alizisikiliza hadi mwisho, akasema: "Umesoma vizuri, Sitwayeni. Sasa niambie mimi nifanye nini na hizi."

Nikaelewa polepole. Kuzichoma hawezi, atakuwa amechoma ule uso. Kuzitupa hawezi. Kuturudishia hawezi, mtaa mzima umeona. Kuzipeleka juu hataki, kwa kuwa huko watauliza uso ulipakwa utomvu tangu lini, na katibu alikuwa wapi.

Tulipotoka Kalala alisema: "Ameshika kaa la moto, na hana pa kulitua."

Sikutarajia hili: naye anaogopa kama mimi.

Jumatano, 25 Agosti

Mvua. Ya kwanza, imewahi. Mimea ya wiki iliyopita haijabadilishiwa karatasi siku ya tano leo. Nimekaa dirishani nikiusikia ukungu unaota nusu kilomita kutoka hapa.

Mama aliniuliza katibu amesema nini. Maneno ya kwanza marefu tangu siku ya karanga. Nikamweleza yote. Akaendelea kuchambua mawe katika karanga zake.

Alhamisi, 26 Agosti

Mama alivaa kikwembe chake cha Idi, akafunga kitambaa cha kichwa kinacholingana, akatutangulia barabarani bila kueleza.

Ofisini aliketi bila kukaribishwa. Katibu ni wa umri wa kaka zangu.

"Mwanangu," akasema, "weye unataka sura ao majani?"

Katibu akafikiri. "Sura, Mama."

"Basi baki na sura. Majani utupe sisi."

Nilikuwa nimetumia robo saa ya hotuba siku ya Jumatatu.

Katibu akafunga mlango. Akaweka masharti: kila uso upanguswe mbele ya macho yake, pasichanike hata ukurasa mmoja, naye abaki na magazeti safi aweze kusema kwamba ameyaokoa. Tukakubali. Kisha akauliza jambo la maana: majani mabichi tutayabebea nini?

Mama akanigeukia. "Sanduku," akasema. Neno hilo moja, bila kisasi chochote sautini, na hilo ndilo lililoniumiza.

Nilikwenda kulichukua mwenyewe. Mimi, niliyemwita muuzaji wa Baba. Njiani bati liligonga goti langu kila hatua.

Tulifanya kazi hadi alasiri. Katibu aliisoma namba kwenye pambizo kwa sauti ya gwaride. Nikaiandika juu ya ukurasa wa Baba, kwa penseli, juu ya hesabu na majina ya mito. Kalala alihamisha jani kwa vidole viwili. Mama alipangusa uso kwa kitambaa chenye maji, akauegemeza ukutani ukauke. Nyuso zikajaa ukuta mzima, zote zikitutazama.

"Leo nimemuosha huyu baba uso kushinda nilivyoosha watoto wangu," Mama akasema.

Katibu aligeukia dirisha ghafla, akalitazama kwa muda mrefu. Mabega yake yalitikisika.

Kufikia namba ya themanini na kitu akaacha kusoma. Alilichukua jani, akalinusa.

"Hii mama yangu aliniogesha nayo. Wakati wa surua. Kule kwetu kijijini, Tunda."

Akataja jina lake la huko. Hatukuwa nalo. Nikaliandika, na pembeni, kama Profesa anavyotaka, nikaandika aliyelitaja. Akaniomba nisiandike jina lake. Nikaandika: mwana wa Tunda.

Majani saba yalikuwa yameoza. Yaliyobaki yanatosha.

Jumamosi, 28 Agosti

Kubadili karatasi kabla ya chai. Sasa inachukua muda mara mbili, kwa sababu nasoma. Jiografia: mto wetu unatoka wapi. Usafi: kucha. Imla ya darasa la nne, juu ya fisi aliyepotea njia. Nausoma kila ukurasa, kisha naliachia jani liuloweshe. Kufikia asubuhi ya pili jani limeacha doa la kahawia, na wino umetawanyika, na baadhi ya maneno sitayasoma tena. Nalia kidogo, kisha nabana kwa goti.

Nilimwomba Mama radhi.

"Juu ya nini?" akasema. "Yeye mwenyewe alifungia sabuni na karatasi hizo."

Asubuhi kulikuwa na salongo. Katibu alipita kwenye ua wetu. Alitazama mbele, kama askari.

Jumanne, 7 Septemba

Juu ya meli kuelekea Ubundu. Mama alisimama ukingoni hadi akawa rangi ya kikwembe chake tu, kisha hata rangi ikaondoka. Alinipa karanga za njiani. Zimefungwa kwa jani la mgomba.

Nilikuja kukusanya mimea. Sikujua kwamba ningeyasikia tena maneno ya Baba, na kwamba ningeyafuta kwa mikono yangu. Kalala amelala juu ya mafungu asije mtu akayakalia. Kindu imekwisha kufichwa na kona ya mto.

Jumatatu, 4 Oktoba

Kisangani. Profesa amesaini. Ufadhili wa mwaka wa pili umepita, wa Kalala na wangu. Ijumaa tulisimama mbele ya idara nzima, nikaeleza kazi yetu kwa dakika arobaini. Wanasema nilizungumza vizuri. Sikutaja magazeti.

Sasa kazi ni ya meza. Kila jani linatoka katika karatasi yake na kubandikwa kwenye kadi nyeupe, ngumu, ya chuo. Karatasi za kubania hutupwa. Ndiyo desturi, zimemaliza kazi. Kapu lipo kando ya mlango.

Leo nimebandika la mwisho. Chumba kimya, feni inazunguka. Karatasi za Baba nimezipanga upande wangu wa meza, kila moja na kivuli cha jani juu ya hesabu zake.

Profesa alipita, akaliona fungu, akaniuliza kwa nini sijazitupa.

Nilimjibu kwamba bado hazijakauka.