Ni Nani Anayetarajia Mipaka Ifunguliwe?

Mpendwa Bi Mshauri, naomba msaada wako, na naomba unifikie kabla ya Ijumaa saa sita mchana, kwa sababu baada ya saa hiyo ushauri wako utaweza kuwa sahihi kabisa na usiwe na kazi yoyote.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na sita, mzaliwa wa Lamu na mkazi wa Ngara tangu nilipokuja kufundisha Kiswahili katika shule moja ya upili hapa Nairobi, kazi niliyoiacha miaka tisa iliyopita ili niwe mwandishi na mfasiri wa kampuni ya utalii yenye ofisi katikati ya jiji, ambako hadi mwezi wa tatu mwaka huu nilikuwa nikitafsiri barua za wageni, orodha za vyakula vya kambini na maelezo ya ndege na wanyama, na wenzangu wote, madereva kwa wapishi, huniita Mwalimu, jina ambalo nalipenda kupita kiasi.

Serikali ilipozuia ndege za abiria kutoka nje kwa sababu ya ugonjwa huu, kampuni iliwarudisha nyumbani wafanyakazi mia moja na arobaini bila mshahara, ikabakisha watano, mimi nikiwa mmoja wao, na mkuu wetu, nimwite Bi Janice, akanipa kazi mpya: kila Jumatatu asubuhi nisome matangazo ya wizara, taarifa za mashirika ya ndege na masharti ya nchi wanakotoka wageni wetu, kisha niandike aya moja ya Kiswahili safi kuwaeleza wenzetu jambo pekee wanalotaka kujua, yaani watalii watarudi lini, na kuituma katika kundi letu la Watsapu. Niliifanya kazi hiyo kwa uangalifu ambao, nikisema kweli, niliuonea fahari. Niliwaeleza kwamba kufungua mpaka si kitendo kimoja, kwa maana serikali yetu ikiruhusu ndege kutua, bado nchi ya mgeni lazima imruhusu kuondoka, na impokee anaporudi bila kumfungia karantini wiki mbili, na kampuni ya bima ikubali kumgharamia akiugua huku. Niliwatenganishia 'serikali itatafakari upya' na 'serikali itafungua', maneno ambayo magazeti huyachanganya kila siku. Na kwa wiki saba mfululizo nilimaliza kwa sentensi ileile: 'Mpaka leo hakuna anayejua tarehe.'

Wiki ya nane Bi Janice aliniita ofisini kwake. Hakufoka, kwani si mtu wa kufoka. Alisema, 'Mwalimu, ukiwaambia kila Jumatatu kwamba hakuna anayejua, watatawanyika. Waongozaji wakienda, wapishi wakienda, siku wageni wakirudi nitafungua kambi na nani? Wape kitu cha kushika.' Nikamwambia kwamba sina tarehe ya kuwapa, naye akasema, 'Sikuombi tarehe. Wewe si ndiye bingwa wa maneno?' na Jumatatu iliyofuata sentensi ya mwisho ikabadilishwa, ikaandikwa, 'Mipaka inatarajiwa kufunguliwa kwa watalii hivi karibuni,' na taarifa ikatumwa saa tatu kasorobo kama kawaida.

Hilo si uongo, Bi Mshauri, nimelipima kila upande. Wapo wanaotarajia: wenye hoteli wanatarajia, mashirika ya ndege yanatarajia, mimi mwenyewe natarajia, kitenzi hakina kosa, na 'hivi karibuni' si tarehe. Wenzangu walijibu kwa vijialama vya mikono ya shukrani, nikavihesabu vikapita mia, na kwa wiki tano sasa sentensi hiyo imekuwa ikirudiwa.

Dereva wetu mmoja, nimwite Musili, anayekaa mtaa wa Jamhuri, alikuwa amepata kazi ya kusambaza bidhaa za duka la jumla hapa Ngara, akaikataa ili awangoje watalii, na mwenye duka akamchukua mtu mwingine. Wiki iliyopita nilikutana naye nje ya duka hilohilo, barakoa ikiwa kidevuni, akapaza sauti mbele ya wachuuzi na wateja: 'Niaje, Mwalimu! Bado tunatarajiwa ama walishatusahau?' Watu wakacheka, naye akacheka nao, nami nikashukuru kwamba barakoa yangu ilikuwa juu hadi puani. Jambo hilo likaachwa hapo.

Lakini aliyenifanya nishike kalamu ni mpishi mkuu wa kambi yetu, nimwite Millicent, mkazi wa Kangemi, ambaye ana miaka kumi na miwili na kampuni na ambaye wageni humwandikia barua kutoka ng'ambo kuulizia mkate wake wa ndizi. Jumamosi alinipigia simu. Nyumba moja ya kutunzia wazee huko Muthangari inataka mpishi kwa mkataba wa miaka miwili, mahali anapoweza kwenda kwa miguu, na imemtaka ajibu kabla ya Ijumaa saa sita. Naye kambi anaipenda, na Bi Janice amekwisha kusema kwamba atakayeondoka asidhani nafasi yake itamngoja.

'Mwalimu, leo sitaki hotuba,' aliniambia. 'Hii kitu yako ya Jumatatu nimeisoma mpaka nimeikariri. Inatarajiwa, inatarajiwa. Ni nani huyo anatarajia?'

'Ni namna ya kusema tu, dada.'

'Namna ya nani?'

'Ya kiofisi.'

'Basi hiyo ofisi ije ilishe hawa watoto wangu wakitarajia.' Akacheka kidogo, kisha akaacha. 'Unajua nikienda kwa wale wazee nitapika uji bila chumvi mpaka nizeeke nao. Sitaki kwenda. Lakini niko na watoto wawili na mama yangu. Mwalimu, ungekuwa ni wewe, ungengoja?'

Hapo, Bi Mshauri, swali halikujibiwa. Nilisema mtandao ni mbovu, ilhali nilikuwa nikimsikia vizuri, hadi kifuniko cha sufuria yake kikigongagonga jikoni.

Sasa nipo katikati, na kila upande naona hasara. Nikimwambia yote ninayoyajua atakwenda, na akienda yeye wengine watamfuata, kwa kuwa kambini neno la Millicent lina uzito kuliko la meneja, na Bi Janice hatakosa kujua limetoka wapi, nami nitakuwa mtu wa mia moja na arobaini na moja kurudi nyumbani. Nikinyamaza, huenda serikali ikafungua mipaka kweli mwezi ujao nami nikawa nimemwokoa na uji wa wazee, au huenda isifungue hadi mwaka ujao. Nimetafuta neno litakalomwonya Millicent bila kumsaliti Bi Janice, nimefungua kamusi tatu, sijalipata. Tafadhali nipe neno hilo. Naomba jina langu lisichapishwe.

Mwandishi wa Taarifa, Ngara

*

Mwandishi wa Taarifa,

Neno unalolitafuta halipo, na ulilijua hilo kabla ya kufungua kamusi ya kwanza. Hukuniandikia kutafuta neno. Uliniandikia ili upate mtu wa pili wa kulibeba lile ulilokwisha kuliandika.

Nianze kwa kukupa haki yako. Ulisema kweli wiki saba, wakati ambapo wengi wenye kiti kama chako wangepinda wiki ya kwanza. Mkuu wako alikubana, na huu si mwaka wa mtu kuichezea kazi aliyo nayo. Nayaona hayo na sitayapunguza. Bi Janice naye simwoni kuwa mtu mbaya. Anaogopa siku ya kufungua kambi isiyo na watu, na hofu hiyo ina msingi. Kosa lake ni kwamba amewataka wengine waibebe hofu yake bila kuwaambia kwamba wameibeba. Kosa lako ni kwamba ulimtafutia maneno.

Sasa chukua barua yako uisome kama ulivyokuwa ukisahihisha insha za wanafunzi wako. Pale unapojivunia, mtendaji yupo, tena anasimama mbele: niliifanya, niliwaeleza, niliwatenganishia. Tunapokaribia aibu, unatoweka. Sentensi 'ikabadilishwa'. Nani aliibadilisha? Ile mpya 'ikaandikwa'. Kwa kidole cha nani? Taarifa 'ikatumwa', sentensi 'imekuwa ikirudiwa', jambo la Musili 'likaachwa hapo', na swali la mwanamke anayeuliza kuhusu riziki ya watoto wake 'halikujibiwa', kana kwamba kuna mtu mwingine aliyeshika ile simu. Hata jina lako umeomba 'lisichapishwe'. Ewe mwalimu, kuna silabi moja ndogo katika lugha yetu, ile '-wa' ya kutendwa, inayoweza kumficha mtu mzima, na wewe umejificha humo wiki tano.

Millicent, ambaye hajafundisha sarufi hata siku moja, aliligundua hilo kwa pumzi moja. 'Ni nani huyo anatarajia?' Alikuwa anatafuta mtendaji. Ukampa mtandao mbovu.

Unadai kwamba si uongo. Sawa, mbele ya hakimu kila neno lako lingesimama. Ila Millicent hayuko mbele ya hakimu, yuko jikoni kwake na ana hadi Ijumaa. Sentensi iliyokusudia kumfanya mtu angoje, huku mwandishi wake akijua kwamba hana sababu ya kumngojesha, ina jina linalojulikana sana, nawe hulihitaji kutoka kwangu.

Na kuna jambo linalonikera zaidi ya hilo neno. Wewe mwenyewe uliwafundisha wenzako kwamba kufungua mpaka si kitendo kimoja. Basi fuata hesabu yako hadi mwisho. Serikali ikiruhusu ndege kesho asubuhi, mgeni hapandi ndege kesho jioni. Kwanza nchi yake, kisha bima yake, kisha woga wake. Akija, atakuja mmoja, si arobaini. Kambi haimhitaji mpishi mkuu siku ndege ya kwanza inapotua, inamhitaji siku wageni wanapojaza mahema. Kati ya siku hizo mbili ipo miezi, na hakuna anayeweza kuniambia ni mingapi, wala wewe. Hilo ndilo Millicent alipaswa kulisoma kila Jumatatu. Ulilijua, ukaliacha nje.

Kwa hiyo fanya hivi, na ufanye leo.

Mpigie Millicent. Simu ikikataa, nenda Kangemi ukasimame mlangoni kwake na barakoa yako. Mwambie sentensi nne, na kila moja ianze na 'mimi'. Mimi ndiye niliyeandika 'inatarajiwa'. Mimi sijui tarehe, wala sijamwona anayeijua. Mimi niliacha kukwambia kwamba hata serikali ikifungua, kazi yako inaweza kuchelewa miezi mingine. Ya nne ni jibu la swali lake, kama ungengoja. Hiyo sikuandikii. Unayo tangu Jumamosi, ndiyo sababu mtandao ulikuharibikia ghafla.

Ukimaliza, nyamaza. Usimweleze shida zako na Bi Janice, usimwombe akusamehe kabla hajaamua lake, na usimwamulie. Huenda akachagua kungoja, kwa kuwa anaipenda kambi ile na mkate wake. Ana haki hiyo. Asichokuwa nacho hadi sasa ni kungoja huku akijua.

Kisha umwone Bi Janice kabla ya Jumatatu, ana kwa ana. Mwambie kwamba unairudisha sentensi yako ya zamani. Mpe na nyingine ya kutuma kwa jina lake mwenyewe: 'Mimi, Janice, sijui wageni watarudi lini, na nawaomba mnaoweza mningojee.' Pengine watu wengi kuliko anavyodhani watamngojea, kwa sababu mara hii watajua wanamngojea nani. Pengine pia atakufukuza. Sikudanganyi, linawezekana, na litauma. Ila wewe una Kiswahili, na una uzoefu wa miaka mingi. Millicent ana saa ishirini na nne.

Musili aliuliza mbele ya watu, nawe umjibu mbele ya watu, nje ya duka lilelile la Ngara. Mwambie alikuwa na haki ya kukucheka.

Kuhusu jina lako, sikulichapisha, na jina la kampuni sikuliruhusu kuingia. Hao watatu uliwapa majina mengine wewe mwenyewe. Lakini neno 'inatarajiwa' nimeliacha mahali pake, kwa sababu bila hilo hakuna barua, na watu mia moja na arobaini wamelisoma katika simu zao Jumatatu tano mfululizo. Watalitambua kabla ya chai ya saa nne. Gazeti hili hutoka Alhamisi, nayo siku ya Millicent ni kesho. Ikiwa umelisoma kabla yake, bado unaweza kuwa wa kwanza kusema. Ikiwa simu yako inalia wakati huu, ni yeye, na mtandao ni mzuri.

Pokea.