Jina Jekundu Kaburini

Mama yangu wa Mpepai,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje? Dada ameniambia siku hizi hufiki shambani, kahawa wanachuma wengine. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio mgonjwa tangu mmzike Baba bila mimi. Uliuliza nakuja lini. Nimeshindwa kukujibu kwenye simu, ndiyo maana naandika.

Hapa Japani namtunza bibi mmoja mjane. Kijapani changu ni cha kuombea maji, lakini alama za Kichina nilizojifunza nilipokuwa China zinatumika na huku. Ni kama tarakimu saba: Mmatengo na Mnyasa kila mmoja anaitamka kivyake, ila wakiiona imeandikwa wanaelewana. Basi mdomo ukikwama, tunaandikiana daftarini.

Juzi tulikwenda kusafisha kaburi la mumewe. Nilifurahi, nikakumbuka tunavyopalilia makaburi na kuyapaka chokaa Siku ya Marehemu. Bibi alipokwenda kuteka maji, nikasoma jiwe: jina la mume, na pembeni jina la bibi mwenyewe, limepakwa rangi nyekundu! Mtu yu hai, anatembea! Nikasema huu ni uchuro, kuna mwenye chuki naye. Nikashika brashi ya waya, nikasugua mpaka rangi yote ikatoka. Afadhali nisingejua kusoma.

Aliporudi, ndoo ilimponyoka. Hakunigombeza. Aliandika alama mbili tu: nyekundu, hai. Kumbe ndiyo desturi yao: mjane huchongewa jina mapema na kupakwa nyekundu, na siku akifa ndipo rangi hufutwa. Mama, nimemzika mtu aliye hai kwa mkono wangu. Nililia palepale.

Nikataka kulipaka upya, akakataa. Akaniuliza, "Mama yako yupo?"

"Yupo, anaumwa."

"Baba?"

Nikamwambia alizikwa nikiwa huku. Akasema, "Mimi umeshanifuta. Nenda kwenu."

Siwezi, Mama. Likizo nimeomba mara mbili, waajiri wamekataa, na mkataba bado una miaka miwili. Ile Krismasi niliyokuahidi nilikudanganya, nilitaka tu usikate tamaa. Nisamehe.

Nisalimie dada anayekuuguza, shangazi muuza usipa, dagaa wa ziwani, kule Liuli, na katekista aliyemwombea Baba mahali pangu. Dawa unywe, na uji usiuache hata ukikosa hamu. Baba hakunisubiri. Wewe nisubiri.

Mwanao wa mwisho,
Oswini